Alipoanguka Katekista

Ukitaka kupotea katika parokia yetu, fuata majina. Mimi nimezaliwa hapa, pembeni ya barabara ya kutoka Kidatu kwenda Ifakara, na sijawahi kuona kisima pale Kisimani. Kilifukiwa kabla mama yangu hajazaliwa. Mkwajuni hakuna mkwaju. Watu wa Mkwajuni walihamishwa na mafuriko, wakabeba vitanda, kuku, milango, na jina lao, wakapanda navyo huku juu kwenye miembe mitupu. Mkwaju wenyewe ulibaki bondeni peke yake, hauna hata jina la kuitwa. Darajani kuna magogo mawili na moja limeoza. Mwisho wa Lami, lami ilishapita ikaenda zake. Hata Kivukoni, wakubwa zetu kwa umaarufu, siku hizi wanapita juu ya daraja la zege na hakuna kivuko, lakini nani ataenda kuwaambia?

Sisi wenyeji hatupotei, kwa sababu hatuyaamini. Anayepotea ni mgeni, na mgeni aliyepotea vibaya kuliko wote ni paroko wetu mpya.

Aliitwa kwenda kumpaka mafuta mzee mmoja aliyekuwa hoi. Akaelekezwa kwa upendo kabisa: "Baba, nyoosha mpaka Kisimani, pinda Mkwajuni, ukivuka Darajani umefika." Akatafuta kisima. Akatafuta mkwaju. Alipofika kwenye yale magogo akayatazama, akasema moyoni hili haliwezi kuwa daraja la binadamu, akageuza pikipiki. Alipofika kwa mgonjwa ilikuwa jioni, kajaa matope mpaka kwenye nyusi, na mgonjwa amekaa uani anakula ugali na kambale.

"Karibu, Baba," mgonjwa akamwambia. "Nilichoka kukusubiri, nikapona."

Jumapili iliyofuata paroko alitangaza. Jubilei ya parokia inakuja, wageni watatoka mbali, na yeye hataki askofu alale porini. Kila njiapanda itawekewa kibao. Vijana wazunguke wakusanye majina yote na asili zake. Halafu Jumapili moja majina yatasomwa kanisani, kila jina na asili yake, na mwenye kupinga asimame apinge hapo hapo. Baada ya hapo ni rangi tu, na rangi ikishakauka imekauka.

"Na kiongozi wa kazi hii," akasema, macho yakiwa kwenye benchi la kwaya, ambako mimi nilikuwa namsimulia mwenzangu habari za yule mgonjwa na kambale wake, "ni yule binti anayeongea."

Ndivyo nilivyopata cheo. Niko kidato cha tatu, sijawahi kuwa hata kiranja wa zamu, leo nimekuwa mkuu wa majina ya parokia nzima.

Msaidizi nilimchagua mwenyewe, mvulana mmoja wa Kisukuma tunayesoma naye darasa moja. Si Mkatoliki wala nini. Wazee wake walikuja bondeni na ng'ombe, na yeye akazaliwa huku huku, lakini akitaka kukwepa kazi anasema "mimi mgeni." Nilimtaka kwa sababu mbili. Ana baiskeli, na ana mwandiko mzuri kuliko walimu wetu wote. Halafu anachora ng'ombe. Daftari lake la jiografia ni zizi.

Kazi ilikwenda vizuri. Tulikuwa tunafika kwenye nyumba, shikamoo babu, shikamoo bibi, tunaletewa viti, tunaletewa togwa, tunapewa asili. Kila asili ilikuwa na babu wa mwenye nyumba ndani yake, na kila babu huyo alikuwa ameua chui. Rafiki yangu akaniambia kwa hesabu zake bonde hili lilikuwa na chui wengi kuliko mbu. Nikamwambia andika, sisi si polisi.

Shida ilianzia nyumbani kwetu.

Kuna kona moja, njia inapotoka barabarani kushuka kwenye mashamba ya mpunga. Huwezi kwenda shamba bila kuipita, labda uzunguke njia ndefu, na anayezunguka ni mtu mmoja tu. Upande mmoja mfereji, upande mwingine matope, katikati njia nyembamba. Hiyo kona inaitwa Alipoanguka Katekista. Bodaboda wana nauli ya kwenda pale. Watoto wanalitamka kwa pumzi moja, kama dawa. Nimewahi kuona kadi ya harusi, ya kung'aa, yenye utepe, imeandikwa: sherehe itafanyika nyumbani kwa wazazi wa bwana harusi, Alipoanguka Katekista.

Katekista ni babu yangu.

Sasa amestaafu, lakini ukimwona utadhani Jumapili bado inamtegemea. Mgongo umenyooka, shati jeupe, kifungo cha shingoni kimefungwa hata jua la mpunga likiwa linachemsha mfereji. Anaendesha baiskeli kwa adabu kama anayeingia kanisani nayo. Na kwa maisha yake yote alipiga vita pombe. Hakuna mlevi wa parokia hii ambaye hajawahi kusimamishwa na babu njiani akapewa mahubiri mafupi, halafu marefu.

Kwa hiyo unaelewa utamu wa jina lile. Kila mtu anajua, au anasema anajua, kwamba katekista alianguka pale kwa sababu alikuwa amelewa. Tuliuliza asili yake nyumba kwa nyumba. Nyumba ya kwanza wakasema ilikuwa komoni. Ya pili wakasema ulanzi. Ya tatu wakasema ni komoni juu ya ulanzi, ndiyo maana. Mzee mmoja aliapa alimkuta babu kwenye mfereji akimwimbia chura Misa ya Kilatini, na chura anaitikia.

Jioni hiyo babu alinisubiri barazani.

"Mke wangu," akaanza. Babu huniita mke wake, kama mababu wote, na mimi humtishia talaka kila akikataa kunipa hela ya daftari. "Nasikia mnaandika majina."

"Tunaandika, mume wangu."

"Ile kona mtaiandikaje?"

"Kama inavyoitwa."

"Inaitwa Njiapanda ya Msalaba."

"Tangu lini?"

"Tangu sasa hivi."

Nikacheka. Babu hakucheka. Na babu asipocheka kwenye utani wetu najua kuna jambo, kwa sababu huyu mzee anacheka hata kwenye mitihani yangu ya hisabati.

Akanisimulia. Enzi hizo hatukuwa parokia, tulikuwa kigango tu, padri anakuja mara moja moja. Karibu na Pasaka babu alitumwa Ifakara kuchukua divai ya misa. Akapewa chupa, akaifunga kwenye kitambaa, akaiweka kifuani ndani ya shati ili isigongwegongwe, akarudi na baiskeli. Pale kwenye kona kuna kitu kikakatiza njia ghafla. Akakata usukani, akaenda mferejini, chupa ikapasukia kifuani. Akatokea kanisani watu wamejaa wanamngoja, yeye katapakaa matope, shati jekundu, ananuka divai mpaka kwenye viatu.

"Haikuwa imegeuzwa damu ya Bwana," akasisitiza, kidole juu. "Ilikuwa divai ya kawaida. Lakini hata tone halikupita mdomoni."

"Kilichokatiza ni nini?"

"Bata."

Nikajikaza. Nilijikaza sana. Kicheko kikatokea puani.

"Unaona?" babu akasema. "Hivyo hivyo ndivyo walivyocheka. Nikisema bata, wanasema kalewa mpaka anaona bata. Nikanyamaza. Wewe kucheka cheka, wewe ni mtani wangu. Lakini bibi yako, Mungu amrehemu, mpaka anakufa, kila nikitoka Ifakara alikuwa ananipokea baiskeli, ananiambia pole na safari, halafu ananinusa. Kidogo tu. Hakuwahi kusema neno. Ananinusa, anaingia ndani."

Hapo ndipo kicheko kilipokatika. Mimi bibi nilimkuta, na ile pua yake naikumbuka.

"Sasa," akasema, "litasomwa kanisani nilikofundisha sala hao wote wanaonicheka. Wataandika na rangi. Mimi nitakufa, kibao kitabaki kimesimama pale kinasema nililewa."

"Basi nitakataa lisiandikwe."

"Huwezi. Jina lile lilitolewa na mtani."

Hapa kwa ambaye hajakaa na sisi: babu ni Mndamba, na aliyelitoa lile jina ni bibi mmoja wa Kingoni. Wazee wa wazee wao walipigana, wakachoka, wakaamua kuendelea kwa mdomo. Mtani anaweza kuja msibani kwako akalala ndani ya kaburi akakataa kutoka mpaka apewe kitu, na wewe mfiwa utoe, na ucheke. Kukasirika ni mwiko. Na jina alilokupachika mtani hulivui kwa nguvu. Unaenda kulikomboa kwake, yeye anataja bei, unalipa, yeye mwenyewe analifuta mbele za watu.

"Na hujawahi kwenda kulikomboa?" nikamuuliza.

"Niende nikampe raha?" akasema babu, akafunga tena kifungo ambacho kilikuwa kimefungwa.

Basi nikaenda mimi. Yule bibi siku hizi anakaa Mkula kwa binti yake. Rafiki yangu akakanyaga, mimi nikakaa kwenye kerea, na kila kilima kidogo ananikumbusha yeye ni mgeni.

Tulimkuta kando ya barabara, nyuma ya jiko la mahindi, mdogo kama mtoto wa darasa la tano, macho yote yanacheka kabla mdomo haujaanza.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Nyie wa wapi? Mjukuu wa nani wewe?"

"Wa yule aliyeanguka."

Hindi lilimtoka mkononi. Alicheka mpaka binti yake akatoka ndani kuangalia kama yuko salama. Akajipangusa macho kwa kanga, akaniambia nikae, akanipa hindi lile lile lililoanguka, akasema hilo ndilo la ukoo wenu.

Nikamweleza yote. Vibao, kusomwa kanisani, babu asivyolala. Kuhusu bibi na kunusa sikupanga kumwambia, lakini ilitoka.

"Bado anasema hakulewa?" akauliza.

"Kila siku."

"Na watu?"

"Wanasema komoni juu ya ulanzi."

Akageuza mahindi yake polepole, moja moja. "Mimi siku ile nilikuwa juu ya dungu langu, naamia ndege wasile mpunga," akasema. "Nikasikia puu! Basi nikapapachika jina. Sasa bei yangu nisikilizeni. Aanguke tena."

"Aanguke?"

"Palepale. Na baiskeli. Mchana kweupe, watu wakiwepo. Ile ya kwanza iliisha haraka, sikufaidi. Akianguka vizuri, nafuta."

Rafiki yangu akashindwa kuvumilia. "Bibi, kwetu mtu akianguka tunamwinua. Hatupafanyi kijiji."

"Ndiyo maana kwenu mnapotea na ng'ombe mpaka huku," bibi akamjibu, akampa na yeye hindi. "Mwambieni nakuja na zawadi."

Nilirudi nikijua babu atakataa. Alikataa. Alikataa wakati wa kula, akakataa baada ya rozari, akakataa kupitia dirishani nikiwa nimeshalala. Umri ule, aanguke kwa makusudi mbele ya watu aliowafundisha Baba Yetu! Asubuhi nikamkuta uani ameipindua baiskeli juu chini, anatia grisi.

"Babu, si umekataa?"

"Nimekataa," akasema. "Lakini kama ningeanguka, nisingeanguka na baiskeli chafu."

Siku iliyopangwa ilikuwa Jumamosi, kesho yake ndiyo kusomwa kwa majina. Mimi habari ile niliwaambia watu wawili tu, na wote wawili ni wanakwaya. Kufika saa za mchana kona ilikuwa imejaa. Muuza vitumbua alishahamisha biashara. Bodaboda walipanga pikipiki zao mstari mmoja kama gwaride. Yule mzee wa chura alikuwa mbele kabisa, ana kiti chake. Paroko naye alikuja, akasimama pembeni na helmeti kichwani, nadhani ili asitambulike.

Bibi wa Kingoni akashuka kwenye bajaji amevaa kitenge kipya, kabeba tenga limefunikwa kwa kanga. Tukajua ndiyo zawadi, kuku wa paroko. Akaketi kwenye kigoda ukingoni mwa njia, tenga miguuni, akapaza sauti:

"Mndamba! Njoo uniangukie, nimetoka mbali!"

Watu wakapiga vigelegele. Babu alikuwa kule juu karibu na barabara, shati jeupe, kifungo cha shingoni, suruali ameibana na vibanio vya nguo. Akafanya ishara ya msalaba, akapanda.

Akaja. Akafika kwenye kona, akayumba kidogo, akasimama, akashuka kwenye baiskeli, akailaza chini taratibu, halafu akakaa kando yake.

"Huko ni kukaa!" akapiga kelele mtani. "Umekuja kuota jua? Rudia!"

Akarudi juu. Akaja tena, safari hii kwa mwendo. Alipofika konani niliona kabisa anataka kuanguka, anauma meno, bega limeinama. Lakini mwili ulikataa. Mikono yenyewe ikanyoosha usukani, baiskeli ikapita kona laini kama maji ya mfereji, ikaenda mpaka kwenye mpunga. Watu wakazomea. Mtu akasema mzee anaringa.

"Mke wangu," babu akaniambia aliponipita anarudi juu, anahema, jasho limeshusha ile kola. "Sijui kuanguka. Sijawahi kujua."

Nikataka kusema yaishe. Nikamtazama mtani kumwomba, nikaona hacheki. Alikuwa amekaa mbele kidogo kwenye kigoda, mkono juu ya ile kanga ya tenga, anamwangalia babu kama mtu anayepima umbali.

Mara ya tatu babu alishuka kwa kasi kweli, na nafikiri alikuwa amekasirika. Mnyororo unalia, shati linapepea. Alipobakiza hatua chache afike konani, bibi wa Kingoni akavuta kanga, akapindua tenga.

Akatoka bata.

Bata mweupe, mnene, akasimama katikati ya njia, akajinyoosha shingo kama mtu aliyeamshwa. Babu akasema "Yesu!" Mikono ikakata usukani bila kumuuliza mwenye mikono, gurudumu likamkosa bata kwa unyoya mmoja, na katekista wa parokia yetu akaruka na baiskeli yake mpaka ndani ya mfereji. Puu.

Hakuna aliyecheka. Sauti ile ilikuwa kubwa mno. Mimi nilikuwa nimeshafika magotini kwenye matope, rafiki yangu nyuma yangu, na babu amekaa ndani ya maji mpaka kiunoni, kiwiko kimechubuka, gugu limening'inia sikioni, mzima kabisa, anamtazama bata. Bata naye anamtazama yeye.

Bibi wa Kingoni akasimama juu ya kigoda chake.

"Ndivyo ilivyokuwa!" akawaambia watu. "Mmeona? Dungu langu lilikuwa pale, na mimi nilikuwa juu yake. Sikusikia puu peke yake, niliona kila kitu. Bata wangu alikatiza na vifaranga wake wote nyuma, na huyu hapa anakuja na mwendo. Mlevi angewapitia juu na angeniambia bata ndio wamelewa. Huyu aliwakwepa wote, hata yule wa mwisho mwenye kiguu kibovu. Chupa ilipasuka kifuani mwake, na harufu ilinifikia mpaka juu ya dungu, nikatamani. Hakuwa amelewa. Haya, nimefuta."

Yule mzee wa chura akaanza kukikunja kiti chake.

"Miaka yote hiyo ulijua?" nikamuuliza. Samahani, nilimuuliza kwa ukali, nikasahau hata kumwita bibi.

"Nilimngoja aje akomboe! Ningemwambia siku ile ile kwa kibaba cha chumvi. Hakuja. Alinuna. Mimi nimezoea watani wanaojibu, huyu akaninunia, nami nikaachia hapo hapo." Sauti ikampungua. "Hiyo ya mke wake kumnusa sikuijua mpaka uliponiambia wewe."

Kule mferejini babu akatoa gugu sikioni. "Alikuwa mweupe," akasema, kama anajiambia. "Nilisahau. Alikuwa mweupe."

"Huyu ni wa ukoo wake," bibi akasema. "Nimemchagua."

"Mama watoto angekuwepo leo," babu akasema.

"Angekunusa tu," mtani akamjibu.

Na hapo babu akacheka. Akacheka humo humo kwenye maji, kifungo cha shingoni kimekatika kimekwenda na mfereji, na ndipo umati nao ukapasuka, na paroko akavua helmeti ili acheke vizuri. Nilipompa babu mkono kumtoa akanivuta na mimi nikaingia. Hiyo ndiyo ndoa yetu.

Kesho yake nikasimama kanisani kusoma. Kisimani, haina kisima. Mkwajuni, mkwaju uliachwa bondeni. Chui wakapita mmoja baada ya mwingine. Nilipofika kwenye ile kona nikasita, kwa sababu jina lilikuwa limeshakombolewa na sikuwa na jingine. Paroko akauliza tuandike nini pale.

Babu akasimama, kiwiko na bandeji. Nikasubiri Njiapanda ya Msalaba.

"Liandikwe kama lilivyo," akasema. "Nimeanguka pale mara mbili, ni pangu. Ila asili isomwe yote, na bata asiachwe."

Nikaisoma yote. Divai ambayo haikuwa imegeuzwa, vifaranga, kiguu kibovu, yote. Na niliposema "hakuwa amelewa" nikaisoma tena, ya pili kwa sauti ya kwaya, ili wa nyuma nao wasije wakasema hawakusikia.

Rafiki yangu ndiye aliyepaka vibao. Akaja kulalamika kwamba jina la babu ni refu, halikai kwenye ubao, na bata anataka nafasi yake. Nikamwambia tumia akili. Akatumia. Akaandika Alipoanguka Katekista kwa herufi ndogo ndogo juu, safi, kama mchwa wanaokwenda misa, na chini yake akamchora bata mkubwa mweupe aliyejaza ubao mzima. Kwa kuwa maisha yake yote amechora ng'ombe tu, bata yule ana nundu kidogo. Lakini ni bata, mdomo unaonyesha.

Wageni wa jubilei walipokuja, hakuna aliyepotea. Walikuwa wanapita juu ya bodaboda kwa mwendo, herufi hawazioni, wanachoona ni bata. "Nishushe pale kwenye bata." "Ukifika kwa Bata pinda kulia." Jubilei ikaisha, wageni wakaondoka, wakatuachia jina lao la bata. Bodaboda sasa hivi ukiwaambia Alipoanguka Katekista wanakuuliza, unamaanisha kwa Bata? Juzi nimeletewa kadi ya mchango wa harusi: nyumbani kwa wazazi wa bibi harusi, Kwa Bata.

Babu hana amani. Ile njia ndefu aliyokuwa akizunguka ili asipite pale ameiacha. Sasa kila jioni anashuka na baiskeli yake mpaka kwenye kona, anaiegemeza kwenye kibao, anasimama hapo kifungo kimefungwa, na kila anayepita na kutaja bata anasimamishwa. Anapewa mahubiri mafupi, halafu marefu.

Jana nimepita natoka shule nikamkuta amemshika bodaboda mmoja kijana, wa kuja, hajui hili wala lile.

"Soma juu," babu anamwambia, kidole kwenye zile herufi za mchwa. "Soma juu, mwanangu. Bata hakuanguka. Aliyeanguka ni mimi."